Kusimama Wima na Kipimo cha Nguvu

Katika kitabu chake kuhusu viungo vya wanyama, Aristotle alidai kwamba binadamu pekee husimama wima kwa kuwa asili yake ni ya kimungu. Falsafa iliyolizaa dai hilo imepitwa na wakati, lakini lenyewe lingali hai: katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako mchumaji hushinda wima kati ya michai, kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi na kuyatupa nyuma ya bega, na ujira wake huamuliwa na mizani, anayelala mchana huitwa mvivu kabla ya kuitwa mgonjwa.

Upo ugonjwa unaoivuruga hukumu hiyo. Mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu kutokana, kwa mfano, na homa ya ini aina ya B au pombe, anaweza kupata kasoro ya mapafu ambamo kapilari, mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko yote, hutanuka kupita kiasi, hasa katika sehemu za chini. Kapilari ya kawaida ina upana wa takriban mikromita 8, nafasi ya kupitisha chembe nyekundu moja moja. Ikitanuka mara kadhaa, damu hupita kwa wingi na kwa kasi, na sehemu yake hurudi moyoni bila kupata oksijeni ya kutosha. Mgonjwa akisimama, damu huvutwa chini kwenye kasoro, naye huweza kuanza kuhema. Akilala, damu hugawanyika upya na pumzi humrudia. Katika nyanda za Kericho na Bomet, zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi hubeba takriban asilimia 80 tu ya oksijeni ipatikanayo Mombasa, upungufu huo huwa mkali zaidi.

Kama mtu huyo aweza kukanyaga pedeli za baiskeli ya mazoezi kwa muda mrefu zaidi akiwa chali kuliko akiwa ameketi wima, basi kusema kwamba hana nguvu ni kusema nusu ya jambo, kwa sababu nguvu haikai ndani ya mtu kama fedha kibindoni. Hutegemea mkao ambao mwili umeruhusiwa kuwa nao.

Uislamu umeligusa suala hili kwa njia yake. Katika hadithi ya Imran bin Husayn, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, asiyeweza kuswali wima huambiwa aketi, na asiyeweza kuketi alale ubavu. Riwaya nyingine humpa anayeketi nusu ya thawabu ya anayesimama, ila wanazuoni wengi wameeleza kwamba hiyo inamhusu mwenye uwezo katika swala za sunna, na kwamba mwenye udhuru hapunguziwi kitu. Ufafanuzi huo una uzito zaidi ya unavyodhaniwa, kwani ruhusa pekee ingeacha kusimama kuwa ubora na kulala kuwa upungufu unaosamehewa.

Msimamizi wa shamba hana fikihi ya namna hiyo, wala hatarajiwi kuwa nayo. Mhudumu wa zahanati ndiye anayeweza kuisimamia haki ya mwenye udhuru. Kabla ya kuandika kwamba mgonjwa wa ini anafaa kurudi kuchuma chai, ampime oksijeni akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na aandike vipimo vyote viwili.