Je, Mfungwa Anastahili Diploma?

MUBS, chuo kilichoko Nakawa chini ya kilima chetu cha Naguru, hufundisha pia ndani ya gereza la Luzira, na wafungwa hupata diploma. Jirani yangu, aliyeacha masomo kwa kukosa karo, huuliza: "Basi niibe kwanza?"

Swali lake si la kipuuzi. Wengi hulijibu kwa kutaja faida: aliyesoma hatarudia kosa. Jibu hilo halinitoshi, maana anayengoja kitanzi atarudia kosa gani? Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Kesi yenye jina lake na wenzake 417 ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu, mwaka 2009, kuondoa ulazima wa adhabu hiyo. Akiwa gerezani alisoma sheria kupitia Chuo Kikuu cha London, akaachiliwa 2016.

Hukumu humnyima mtu uhuru. Jaji haongezi kwamba abaki mjinga, na askari jela hana mamlaka ya kuongeza. Karo ya jirani yangu tuwadai wanaoipanga, si mfungwa. Wanaonisumbua zaidi ni ndugu wa aliyeuawa. Wao hawaulizi habari za karo. Wanauliza marehemu wao angesomea nini.