Bei ya Pua Kubwa

Studio nyingi za picha mitaani kwetu zina karatasi ya bei ukutani. Paspoti nne, bei yake. A4 na fremu, bei yake. Mteja anasoma, anatoa hela, anakaa kwenye stuli. Habishani sana, kwa sababu anajua anachonunua: sura yake ilivyo, kwenye karatasi ya ukubwa fulani.

Siku hizi karatasi hiyo imeongezewa mstari: katuni. Picha yako ya kawaida inaingizwa kwenye kompyuta, kichwa kinakuzwa kuliko mwili, pua inavutwa, mashavu yanajazwa, na unatoka kikaragosi ambacho bado ni wewe. Watu wanazipenda kwa harusi, bethidei na kuagana kazini. Mimi ni mmoja wa wanaozitengeneza, na huo ndio mstari pekee ambao sijaweza kuuandikia bei moja. Mtu anayelipa ili pua ikuzwe, yake au ya mwenzake, analipia nini hasa?

Jibu la haraka ni muda. Tangu Photoshop ilipoletewa zana ya Liquify mwaka 2000, unaweza kuisukuma sura kwa kipanya kama unavyosukuma unga wa chapati. Aliyezoea hamalizi hata nusu siku. Na sasa zipo programu za simu zinazofanya hivyo kwa sekunde chache, nyingine bure kabisa. Kama bei ni muda, basi biashara hii imeshakufa na tunachosubiri ni mazishi.

Lakini ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1878, mjini London, mchoraji James Whistler alimshtaki mhakiki John Ruskin, aliyekuwa ameandika kwa dharau juu ya mchoro wake wa fataki usiku, uliotakiwa kuuzwa gini 200. Mahakamani Whistler akaulizwa: unadai fedha zote hizo kwa kazi ya siku mbili? Akajibu kwamba hapana, anadai kwa ujuzi wa maisha yake yote. Kesi alishinda, ila fidia aliyopewa ilikuwa robo ya peni, na mwaka uliofuata akafilisika. Mafundi wengi tunalipenda jibu lake. Hukumu yenyewe huwa hatuisimulii.

Mimi nipo upande wa Whistler, ila nataka tuseme ujuzi huo ni upi. Kuvuta pua si ujuzi, hata mtoto anaweza. Neno la Kiitaliano lililozaa jina la sanaa hii linatokana na kitenzi cha kupakia mzigo, na punda ukimpakia upande mmoja hafiki. Fundi anatakiwa aone ni kitu gani kwenye sura hii ndicho kinachoibeba. Kuna mtu ambaye si pua wala masikio, ni namna anavyoinamisha kichwa akisikiliza. Ukikuza pua yake utapata pua kubwa tu, yeye hutampata. Mwaka 1831 mhariri wa Paris, Charles Philipon, akiwa mbele ya mahakama, alichora hatua nne: kwanza mfalme Louis-Philippe, mwisho tunda la peasi, na katikati huoni ni wapi mfalme alipoishia. Ni mistari michache sana. Ukiipima kwa dakika, haina thamani yoyote. Alifungwa hata hivyo.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya bei ni jicho, na hiyo naitoza bila aibu.

Sehemu ya pili ni ngumu kidogo. Anakuja mtu saa kumi jioni, bosi wao anaagwa kesho asubuhi, na ukimwangalia unaona kabisa atalipa chochote. Umwongezee? Tomaso wa Akwino alilijadili hili katika karne ya 13. Alisema muuzaji anaweza kudai zaidi kama kuuza kunamletea hasara yeye mwenyewe, lakini shida ya mnunuzi si mali ya muuzaji, hivyo hawezi kuiuza. Naona kanuni hiyo inafaa hadi leo kwenye studio yenye feni moja. Nikikesha, usingizi ni wangu, nautoza. Ila hofu ya mteja ya kumkosea bosi wake sikuitengeneza mimi. Kuitoza ni kumuuzia mtu kilicho chake.

Sehemu ya tatu ndiyo inayoninyima raha. Kwenye paspoti, anayelipa na mwenye sura ni mtu mmoja. Kwenye katuni mara nyingi ni wawili. Aliwahi kuja dada mmoja na flashi yenye picha ya mwenzake wa ofisini, mwanamke mwenye meno yaliyotokeza.

“Kaka, hapo kwenye meno ndio uongeze kabisa.”

“Mwenyewe anajua, dada yangu?”

“Ni sapraizi. Tunataniana sana sisi.”

Nikamwambia naweza kukuza kicheko, kilemba, hata kikombe cha chai alichoshika, ila meno nitayaacha yalivyo. Akaniuliza: hela si ni yangu? Akachukua flashi yake akaenda duka la jirani, na najua walimtengenezea.

Neno alilotumia, tunataniana, nimelifikiria sana. Sisi watu wa Tanzania tunaujua utani si kama mzaha tu, bali kama uhusiano wenye sheria. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani anaweza kufika msibani akamwiga marehemu, akawazuia ndugu mpaka watoe chochote, na hakuna anayekasirika. Maneno yaleyale yakitoka kwa mpita njia ni matusi. Tofauti haipo kwenye maneno, ipo kwenye ruhusa, na ruhusa hiyo ni ya pande mbili: leo unanicheka, kesho nakucheka. Haiuzwi dukani. Hela ya yule dada ingeweza kununua jicho langu na usingizi wangu. Ruhusa ya kuyacheka meno yale haikuwa mfukoni mwake, wala si yangu kuikatia bei.

Mtu atasema: mbona Gado au Masoud Kipanya hawaombi ruhusa? Ni kweli, na wasiombe. Sura ya mtawala inatembea na madaraka, na kuikuza ni njia ya mnyonge kumrudishia uzito wake. Isitoshe, huko anayehatarisha kitu ni mchoraji. Honoré Daumier alifungwa kwa kumchora mfalme yuleyule wa peasi akiwa jitu linalolishwa kodi za watu. Kwenye sherehe ya ofisini mambo yamegeuka: mchoraji ameshalipwa, waliochanga wanacheka, na anayelipa gharama ni yule anayefungua fremu mbele ya watu thelathini na kulazimika kutabasamu.

Basi utaratibu wangu ni huu. Bei naitaja kabla sijagusa picha, pamoja na idadi ya marekebisho, kwa sababu bei inayojulikana baada ya kazi ni mtego. Kisha nauliza nani ataiona, na kama mwenyewe angeambiwa angecheka. Asiyejibu vizuri simuongezei bei ili kumkatisha tamaa, maana hapo nitakuwa nimesema kwamba kwa hela ya kutosha ningefanya. Nakataa tu.

Najua kukataa kwangu hakumlindi mtu yeyote. Duka la jirani lipo, na simu ya bure ipo mkononi mwa kila mtu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sokoni mara nyingi naona vyote viwili vikiuzwa, na kibaya kwa bei nafuu. Bado naona kuna tofauti kati ya jambo kufanyika na jambo kufanyika kwa mkono wangu. Simu haitamuuliza mteja kama mwenyewe anajua. Kama kuna kitu kimebaki ambacho fundi anaweza kutoza na programu ya bure haina, nadhani ni hilo swali.