Mapumziko, Safari na Jua la Kwetu

Katika lugha yetu neno safari halikuwa na maana ya starehe. Msafiri alikuwa mtu aliyefunga mzigo kwa sababu maalumu: kutafuta chumvi, kuuza majembe, kuposa, kuzika, au kumpeleka mgonjwa kwa mganga. Neno hilo tulilipokea kutoka Kiarabu tukalifanya letu. Baadaye lugha za Ulaya nazo zikalichukua kwetu, na leo linaturudia likiwa na maana nyingine, yaani matembezi ya mtu aliyelipa fedha ili atazame wanyama na kuota jua. Mageuzi hayo ya neno moja yanaficha swali la maadili ambalo linatupasa kulichambua. Je, ni jambo jema mtu kuota na kupanga safari ya mbali kwa ajili ya kustarehe tu? Ni nani mwenye haki ya kupumzika? Na ndoto ya mahali pengine inamfanya nini mtu anayeiota?

Ili tusizungumze hewani, na tulitazame swali hili tukiwa Nassa. Nassa iko katika wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Upande mmoja pana maji ya Ziwa Viktoria, katika ghuba ambayo mpaka leo huitwa kwa jina la Speke, Mwingereza aliyefika kusini mwa ziwa hilo mwaka 1858. Upande mwingine, mwendo usio mrefu kwa gari katika barabara ya Mwanza na Musoma, pana Lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa hiyo mkazi wa Nassa anaishi kati ya mambo mawili ambayo watu wa nchi za baridi huyaota mwaka mzima: ufuko wenye jua na nyika yenye wanyama.

Lakini jua hilo si jua lile lile. Kwa mkazi wa Nassa jua ni mfanyakazi. Jua ndilo linalokausha dagaa mchangani, na pamba kabla haijapelekwa kuuzwa. Jua ndilo linalogeuza viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa, chakula cha akiba cha Usukumani. Na mvua inapochelewa jua hilo hilo huwa adui, kwa maana hukausha mahindi shambani na maji malamboni. Hapa hakuna mtu anayelala juani kwa kupenda. Mwenye busara hutafuta kivuli.

Sasa tumfikirie mfanyakazi wa London katika mwezi wa Desemba. Huko jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mfanyakazi huyo hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Akitazama picha ya pwani yenye minazi na kuanza kuhesabu akiba yake, tusiharakishe kumcheka. Anatamani kile alichonyimwa na majira ya nchi yake, kama vile mkulima wetu anavyotamani wingu mwezi wa Novemba. Tamaa zote mbili ni za kibinadamu, ila kila moja imetazama upande wake.

Yafaa pia tukumbuke kwamba likizo ya mfanyakazi wa Ulaya haikushuka kutoka mbinguni. Viwanda vilipokuja, saa ya ukutani ilichukua nafasi ya majira ya mwaka, na mtu akafanya kazi masika na kiangazi bila kupumua. Mwaka 1841 Mwingereza Thomas Cook alikodi gari moshi kuwachukua watu kutoka Leicester hadi Loughborough, si kwa starehe bali kwa mkutano wa kupinga ulevi. Kutokana na safari fupi ya namna hiyo ikakua biashara kubwa ya matembezi. Hata hivyo kwa miaka mingi matembezi yalibaki kuwa ya wenye nacho. Mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa, wafanyakazi wa Ufaransa walipata kwa sheria wiki mbili za likizo yenye malipo. Mwaka huo huo Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya likizo zenye malipo. Mwaka 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika kifungu cha 24, lilitaja mapumziko kuwa haki ya kila mtu. Nchini mwetu sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kila mwaka. Basi mapumziko ni haki iliyopiganiwa na watu wa jasho, na anayeyadharau kuwa ni uvivu anawadharau wafanyakazi hao.

Lakini hapo ndipo ugumu unapoanza. Sheria hiyo inamhusu mwajiriwa. Mwanamke wa Nassa mwenye ekari zake mbili za pamba na mtoto mgongoni hana mwajiri wa kumpa siku 28. Je, tuseme yeye hana haki ya kupumzika kwa kuwa hana mahali pa kupeleka maombi ya likizo?

Wazee wetu walilijibu swali hili kwa namna yao. Mwaka wa Msukuma ulikuwa na majira ya jembe na majira ya ngoma. Baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa na ardhi ikiwa kavu, watu walikusanyika kwa mashindano ya ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Jadi inasema kwamba ushindani huo ulianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, na umedumu hata leo. Hata ndani ya kazi yenyewe palikuwa na pumziko, kwa maana vikundi vya kulima viliinua majembe kwa mdundo wa bugobogobo, na jasho likatoka pamoja na wimbo. Jioni, kwenye moto wa shikome, vijana walikaa na wazee wakasikiliza habari za mbali na za kale. Katika utaratibu huo mtu hakuondoka kwake ili apumzike; watu ndio waliokuja pamoja, na kijiji kizima kikapumzika kwa wakati mmoja.

Hata hivyo tusiipambe jadi kupita ukweli wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi jambo ambalo wengi waliona aibu kulisema: kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wengi wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Kwa hiyo likizo haikuwa ngeni kwetu. Ilikuwapo, ila iligawanywa vibaya. Mwanamume aliyekaa kivulini akicheza bao mchana kutwa huku mkewe akichota maji alikuwa mtalii katika nyumba yake mwenyewe.

Hapa tunakumbuka methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia katika maandishi yake juu ya ujamaa mwaka 1962, kuonyesha kwamba katika jamii zetu hata mgeni hakuishi kwa jasho la wengine. Mtalii ni mgeni wa aina nyingine. Hatupewi nafasi ya kumkabidhi jembe. Amelipa ili asiguse jembe, na siku ya tatu amekwisha kuondoka. Je, uhusiano huo ni wa wageni na wenyeji, au ni wa mteja na mtumishi?

Swali hilo lilizua mjadala mkali nchini mwaka 1970. Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika magazetini kwamba utalii hauafikiani na siasa ya kujitegemea. Walisema nchi inayotegemea starehe za wengine itaanza kujipamba kwa ajili ya macho ya wengine, na vijana wake watajifunza kuinama. Waliowajibu walisema kwamba taifa changa linahitaji fedha za kigeni kununulia mashine na dawa, na kwamba si busara kukataa mapato kutokana na wanyama na fukwe ambazo Mungu ametupa bila gharama. Maandishi hayo yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Tukiyatazama leo, twaona kila upande ulishika sehemu ya ukweli. Fedha zilikuja na zinaendelea kuja, na utalii ni miongoni mwa nguzo za uchumi wetu. Methali nyingine yasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli wako wenyeji waliopona. Lakini hofu ya vijana wale haikuwa ya bure. Madhara yenyewe hayamo katika kumpokea mgeni, bali katika kuanza kuiona nchi yetu kwa macho yake peke yake. Mwezi wa Juni, nyumbu kwa maelfu wanapopita ukanda wa magharibi wa Serengeti karibu na mto Grumeti, mkulima wa Nassa yumo shambani anavuna pamba. Watu wamevuka bahari kuja kutazama tamasha hilo. Mtoto wa mkulima yule, aliye jirani yake, huenda akamaliza shule bila kupita lango. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kuliko cha mgeni, lakini gari la kumwingiza ndani halipatikani bila fedha. Na zaidi ya fedha, hakuna aliyemwambia kwamba pale ni pake. Aliyoyasikia nyumbani juu ya wanyama ni habari za tembo waharibifu wa mashamba.

Mtoto huyo naye anaota. Katika simu ya mkononi ya kaka yake ameona majumba marefu ya Dubai na theluji ya Ulaya. Mwenye theluji anaota jua la Nassa, na mwenye jua la Nassa anaota theluji. Wako wazee wanaokasirika kwa jambo hili na kusema kwamba vijana wamepotea. Sisi hatukubali hukumu hiyo ya haraka. Tamaa ya kuona mbali haikuletwa na simu wala na wakoloni. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walijitwika mizigo wakatembea kwa miezi mpaka pwani, na kijana aliyekwenda na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Jina lenyewe la Wasukuma latufundisha kitu: maana yake ni watu wa kaskazini, jina ambalo lingeweza kutolewa tu na mtu aliyesimama kusini. Hakuna mahali palipo mbali kwa asili yake. Kila mbali ni kwao mtu.

Tofauti kati ya ndoto njema na ndoto mbaya, basi, haiko katika urefu wa safari. Iko katika marejeo. Mpagazi wa zamani alirudi na nguo, chumvi, habari na ujuzi, na kijiji kikamsikiliza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ndoto njema humfanya mtu aulize maswali juu ya kwao: mbona wale wana miti barabarani na sisi tumekata yetu? Mbona wale wana siku ya kupumzika na mama yetu hana? Ndoto mbaya ni ile inayomfanya aone haya kwa matobolwa ya bibi yake, na kuiona Nassa kuwa kituo cha kungojea basi la kwenda kwingine.

Pengine mtu atauliza: je, yafaa kustarehe wakati jirani hana? Jibu letu ni kwamba starehe haiwi dhambi kwa kuwa ni starehe. Inakuwa dhambi pale inapobebwa na mgongo wa mwingine asiyepumzika kamwe. Mtalii anayemlipa mpishi na mchukuzi wake ujira wa haki, akawaheshimu kama watu wenye nyumba zao na ndoto zao, hana la kushtakiwa. Mume wa kijijini ambaye hajavuka hata wilaya, lakini kivuli chake kinagharimiwa na jasho la mkewe, ana kesi ya kujibu.

Kutokana na hayo kuna kazi kwa walimu na wanafunzi. Shule iliyo karibu na hifadhi, ziwa au makumbusho, kama yale ya Bujora karibu na Mwanza, haina budi kupanga safari ya wanafunzi wake kwa makini kama inavyopanga mitihani: kuchanga kidogo kidogo, kukadiria gharama, kusoma juu ya mahali pale kabla ya kwenda, na kuandika baada ya kurudi. Kupanga ni nusu ya elimu ya safari. Kijana aliyekwisha kuingia Serengeti akiwa mwenyeji atampokea mgeni wima, na siku akifika London au Dubai hatakuwa na sababu ya kuinama huko pia.

Na kabla ya safari hiyo iko hesabu nyingine ambayo kila mwanafunzi anaweza kuifanya bila nauli. Achukue karatasi aandike saa za kazi za mama yake kwa wiki moja, kuanzia alfajiri hadi usiku, na kando yake aandike saa za kazi za baba na zake mwenyewe. Kisha aketi na jamaa zake wapange upya, ili Jumapili ijayo mama naye akae kivulini.