Ua Linalochanua Chini ya Udongo

Soma: 2 Samweli 13:20–39, 14:28–33, Mambo ya Walawi 19:17, Waebrania 12:15.

Mkulima wa mahindi haogopi sana gugu refu, maana huliona kwa mbali na kuling'oa. Linalomchosha ni lile linalotambaa. Kongwe, ambayo Wakikuyu huiita mukengeria na Waganda huiita ennanda, haina miiba wala haiwashi. Shina lake ni laini, limejaa maji, na ua lake la bluu hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Ng'ombe na sungura huila, na sehemu nyingi za Afrika majani yake machanga huchumwa na kupikwa kama mboga. Kwa hiyo si mmea wa kulaaniwa, na rangi ya ua lile ni kazi ya Muumba yule yule anayeyavika maua ya kondeni (Mathayo 6:28–30). Shida huanza inapoingia katikati ya mahindi, maharage au pamba.

Kila pingili ya kongwe inayogusa udongo wenye unyevu inaweza kutoa mizizi. Anayeikatakata kwa jembe siku ya mvua na kuviacha vipande vimelala palepale hajapalilia, amepanda. Lakini tabia yake ya ajabu zaidi haionekani. Ile yenye majani mapana na vinyweleo, ambayo wataalamu huiita Commelina benghalensis, ina maua ya namna mbili. Kuna haya ya bluu yanayoonwa na kila apitaye. Kuna na mengine madogo kwenye vishina vilivyo chini ya ardhi. Hayo hayafunguki wala hayangoji nyuki. Hujichavusha yenyewe gizani, na mbegu zake huwa kubwa kuliko zile za juu. Mtu akifyeka shamba likawa safi machoni, mbegu zile bado zipo. Huko Marekani, katika mashamba ya pamba ya jimbo la Georgia, gugu hili lilisumbua sana kwa sababu dawa ya glifosati, iliyoua magugu mengine mengi, haikulimaliza.

Mwandishi wa Waebrania anapoonya juu ya shina la uchungu linalochipuka na kutia unajisi watu wengi, anasema habari ya kanisa, si ya mtu mmoja peke yake. Anawaambia waumini waangalie kwa bidii. Na nyumba ya mfalme Daudi inaonyesha jinsi uchungu huo unavyokua pasipo mtu kuuona.

Amnoni alimtenda Tamari jeuri kubwa. Tamari hakuficha, alirarua vazi lake, akatia majivu kichwani, akaenda zake akilia. Ndugu yake Absalomu alimpokea nyumbani, na hilo lilikuwa jema, lakini akamtaka anyamaze kwa kuwa aliyemdhulumu ni wa nyumba yao (13:20). Ushauri huo haujafa. Ungali unatolewa kwa upole, na mara nyingi na watu wanaoomba sana: usiseme, utaaibisha ukoo; usiseme, kanisa litachafuka. Naye Daudi alisikia yote, akakasirika mno (13:21). Zaidi ya hasira, Maandiko hayaonyeshi kwamba alimwadhibu Amnoni au kwamba alimwita Tamari amsikilize.

Zingatia fungu la 22 na la 23. Absalomu aliacha kabisa kuzungumza na Amnoni, kwa heri au kwa shari, na hali hiyo ikaendelea miaka 2 mizima. Mgeni ambaye angepita nyumbani kwa Daudi katika miaka hiyo pengine angesema kwamba jambo limekwisha. Hakuna aliyepigana wala kutukana. Chini ya udongo ua lilikuwa limekwisha kuzaa, na siku ya karamu ya kukata kondoo manyoya Amnoni akauawa.

Absalomu akakimbilia Geshuri, akakaa huko miaka 3. Akarudishwa Yerusalemu, akakaa miaka 2 mingine bila kuuona uso wa baba yake. Hatimaye Yoabu akafanya kazi ya upatanisho, mfalme akambusu mwanawe (14:33). Soma sura hiyo yote na utafute mahali ambapo baba na mwana walizungumza juu ya Tamari, au juu ya damu ya Amnoni. Hakuna. Kilichoandikwa ni kusujudu na busu, na sura inayofuata inaanza na magari, farasi na maandalizi ya uasi. Kongwe ilikatwa juu, ikaachwa imelala kwenye udongo wenye maji.

Mara nyingi upatanisho wa makanisani hufanana na huo. Wazee huketi, ombi refu hutolewa, washiriki wawili hupeana mikono mbele ya watu, na kwenye ibada ya meza ya Bwana wanaoshana miguu wakiangalia pembeni. Sheria aliyopewa Musa ina njia nyingine. Mambo ya Walawi 19:17 inakataza chuki iliyofichwa moyoni, na papo hapo inamwagiza mtu amwonye jirani yake. Chuki na kunyamaza vimewekwa katika fungu moja, kana kwamba kimoja hulisha kingine. Yesu naye katika Mathayo 18:15 anamtuma aliyekosewa aende akaseme na mkosaji wakiwa wao wawili tu.

Hapa mwalimu wa darasa awe mwangalifu. Agizo hilo la Yesu lisigeuzwe kuwa fimbo ya kumlazimisha binti aliyedhulumiwa aende peke yake kwa aliyemdhulumu. Tamari alikwisha kumsihi Amnoni uso kwa uso, naye hakumsikiliza (13:12–14). Mtu wa namna hiyo anahitaji watu wazima watakaosimama naye, na pale sheria ya nchi ilipovunjwa, anahitaji kupelekwa kwenye vyombo vya sheria. Wazee wa kanisa hawana mamlaka ya kuyamaliza mambo hayo ofisini.

Wakulima wazoefu huing'oa kongwe ingali changa, siku ya jua kali, huchokoa hadi vile vishina vya chini, kisha huitoa nje ya shamba. Wengine huwapa mifugo. Hata hivyo hurudi msimu unaofuata kukagua sehemu ile ile, maana wanajua kilichobaki ardhini hakikuota chote kwa wakati mmoja.

Jadilini darasani: Siku ile Daudi aliposikia habari, angepaswa kufanya nini kwanza? Na Tamari, aliyeachwa katika ukiwa nyumbani kwa kaka yake, angehitaji kusikia neno gani, na kutoka kwa nani?