Hesabu Iliyomo Katika Hindi

Lichukue hindi lililokomaa kutoka shamba lolote la Mbozi, ulimenye, kisha uhesabu mistari ya punje zake. Utapata 12, au 14, au 16. Hesabu ya witiri (neno tulijualo kwa sala ya usiku) ni nadra mno kuonekana humo. Wataalamu wa mimea wamekwisha eleza sababu: vishada vichanga vya maua juu ya gunzi huchipuka jozi jozi, na kila kimoja huzaa mstari wake.

Hapo baadhi ya watu husema: kumbe ni jambo la kawaida, halina ajabu tena! Hoja hii ni dhaifu. Mwenye kueleza sarufi ya barua hajathibitisha kwamba barua haina mwandishi. Wala, tuseme kweli, sarufi peke yake haimtaji mwandishi kwa jina.

Wengine hudai kwamba hesabu ni buni ya wanadamu tu. Hao na waende sokoni Tunduma, mpakani na Zambia. Msemaji wa Kiswahili na msemaji wa Kibemba huitaja idadi kwa maneno mbalimbali, na fedha zao ni shilingi na kwacha. Lakini magunia 8 ya mahindi ni 8 pande zote mbili, na adaiye 9 hujulikana mara moja kuwa amekosea. Majina tumeyabuni sisi. Idadi tumeikuta, kama tulivyozikuta jozi zile juu ya gunzi.