Fedha za Juma la Kwanza

Kambi ya Kakuma, huko Turkana, ilifunguliwa mwaka 1992. Miongoni mwa vijana wake wako waendao kusoma Kanada kwa udhamini wa shirika la WUSC, lililoanza kazi hiyo mwaka 1978. Na sehemu ya gharama zao hutoka katika michango ya wanafunzi wa huko.

Basi kijana afika. Baridi hajaizoea, njia ya darasani hajaijua, na mkononi ana fedha za chakula na vitabu. Mara simu yalia: ni mamaye, mgao wa kambini umepunguzwa. Je, apeleke?

Wako wasemao, mama mbele, apeleke zote. Na wako wasemao, asipeleke hata senti. Sisi twaona pande zote mbili zimepita kiasi. Ampaye mamaye nusu ya tonge lake hakumkhini mtu, kwani njaa ni yake. Lakini fedha ya kitabu ni amana. Akiitoa, kisha akaanguka mtihani, amewadhulumu waliochanga, na mama mwenyewe aliyemtarajia.

Basi na apeleke kidogo cha tonge lake, na aeleze hali yake kwa kweli. Aonaye haya kusema "sina" juma la kwanza, la pili atakopa, na la tatu atasema uongo.

Nasi wazazi, kabla ya kuomba, tuulize kwanza: "Mwanangu, umekula?"