Kuvumilia na Kuvumilishwa

Katika pwani yetu ya Tanga uvumilivu ni sifa kubwa. Mtoto mwanamume apelekwaye jandoni huambiwa asilie, na mwanamke ashikwaye na uchungu wa kuzaa huambiwa ajikaze. Sifa hii hatuilaumu, maana pasipo uvumilivu hapana kazi njema itimiayo. Lakini liko swali litupasalo kulifikiri: je, mtu aliyepasuliwa, alalaye hospitali na kidonda kibichi, ni haki kumwambia "vumilia" kama tumwambiavyo kijana wa jando?

Swali hili limepata uzito mpya kwa habari za waganga wa siku hizi. Katika nchi tajiri wako wanaowalaza wagonjwa na kuwapasua pasipo mofini, dawa itokayo katika kasumba, wala dawa zilizo jamaa yake. Sababu zao ni za haki. Dawa hizo hupunguza pumzi, hutapisha, hufunga choo, na wengine wakizizoea hushindwa kuziacha. Huko Marekani zimewaua watu wengi sana. Basi badala yake hutumia ganzi, ketamini na dawa nyinginezo, wakitaka mgonjwa aamke upesi, ale, atembee, arudi kwake. Wala njia hiyo haikosi hatari. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya jaribio moja la Ufaransa lililosimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa wagonjwa watano waliopewa dawa ya badala walipungukiwa mno na mapigo ya moyo.

Msomaji wa Tanga aweza kusema, "Mbona sisi tulianza zamani?" Ni kweli kwa namna fulani. Ganzi ya uti wa mgongo, aliyoijaribu August Bier huko Ujerumani mwaka 1898, na ketamini, iliyotengenezwa mwaka 1962, ndizo dawa za kila siku katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki. Mama apasuliwaye ili mtoto atoke mara nyingi hupigwa sindano ya mgongo, wala hasikii kisu. Lakini baada ya saa chache ganzi huisha, na kidonda huanza kusema.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Mganga wa nchi tajiri ameiacha mofini kabatini, naye akiihitaji hunyosha mkono akaitwaa. Katika hospitali nyingi maskini kabati ni tupu. Hesabu iliyotolewa na jarida la Lancet mwaka 2017 yaonyesha ya kuwa katika tani 298.5 za dawa za namna hii zilizogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo wakati huo, zilipata sehemu ya kumi tu ya tani moja. Basi tusidanganyike kwa kufanana kwa mambo. Afungaye na alalaye njaa, matumbo yao wote wawili ni matupu. Lakini mmoja ana chakula chunguni, na mwenziwe hana hata chungu.

Pengine mtu atajibu, "Maumivu hayaui." Yaweza kuua. Aliyepasuliwa tumbo akiogopa maumivu hapumui kwa nguvu wala hakohoi, na makohozi hukaa mapafuni hata yakaleta nimonia. Haondoki kitandani, na damu yaweza kuganda miguuni mwake. Hivyo kule kujikaza kwake kwaweza kumletea ugonjwa wa pili.

Mwingine atasema kwamba unga umewaharibu vijana wa pwani, nao hutengenezwa kwa mofini. Hofu hii ina msingi, wala hatuicheki. Lakini dawa iliyopimwa na muuguzi, kwa siku chache, si sawa na kete ya kichochoroni. Huko Kampala Dokta Anne Merriman alianza mwaka 1993 kuwapa mofini ya kunywa wagonjwa wenye maumivu makali, na mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Hapa kwetu nayo Hospitali Teule ya Muheza ilianza mwanzoni mwa karne hii kuwatunza wenye saratani na UKIMWI kwa dawa hiyo hiyo. Hofu ni mlinzi mwema wa mlango, lakini haifai kuwa mwenye nyumba.

Tena wako Wakristo wasemao ya kuwa Bwana wetu pale msalabani alikataa divai iliyotiwa manemane. Ndiyo, alikataa kikombe chake mwenyewe. Lakini hatusomi popote kwamba alimnyang'anya mwingine kikombe. Bali alimsifu yule Msamaria aliyetia mafuta na divai katika jeraha za mtu asiyemjua.

Kuvumilia ni tendo la mwenye maumivu, wala hapana awezaye kulitenda kwa niaba ya mwenziwe. Amwambiaye mgonjwa "vumilia," hali ana uwezo wa kumsaidia, hakumfundisha wema, amemvumilisha tu. Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi muuguzi amwulize mgonjwa maumivu yake kama ampimavyo joto, na kuyaandika; jamaa waketio kando ya kitanda wasimwonee haya anayelia; na wenye mamlaka wahesabu dawa ya maumivu pamoja na uzi na kisu. Ikiwa mofini haihitajiki, na isitumiwe. Lakini isitumiwe kwa sababu mgonjwa hana maumivu, si kwa sababu amenyamaza.